Kahawia ya Wajapani Imetoka Kwenye Chai

Haya niliyasema Jumamosi moja alasiri, Dar es Salaam, mbele ya kikundi cha wasomaji ambacho hukutana kila mwezi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu pale nilipokuwa nazunguka.

Wazee wangu, shikamooni. Na wenzangu, habari za mchana.

Kabla ya maneno, naomba kila mmoja ashike kikombe chake anuse. Usinywe kwanza. Nusa tu.

Namwona mama pale mbele amekunja pua. Hujakosea, mama. Mimi nilipokinusa kikombe hiki mara ya kwanza, Kyoto, mwezi wa kumi na moja, baridi inauma vidole, nilidhani kuna jirani anachoma majani makavu uani. Nikageuka kuangalia dirishani. Mama mwenye nyumba wangu, bibi wa miaka themanini na ushei, akacheka mpaka akaweka birika chini. Hakuna jirani aliyechoma kitu. Moshi ulikuwa ndani ya kikombe.

Hiyo ndiyo chai mliyoshika. Inaitwa *bancha*, na hii hasa ni ya Kyoto, *kyobancha*. Nimeibeba kwenye begi, na begi zima likanuka kama jiko la kuni. Afisa wa forodha alilifungua, akanusa, akalifunga bila swali.

Sasa nijue niko na watu gani. Nikisema "chai ya Kijapani," nani anaona picha ya bakuli la unga wa kijani, mtu amepiga magoti, kimya kimetanda? Mikono juu. Naam, karibu wote. Hiyo ni matcha, nayo ni kweli ipo. Lakini mtu akija huku kwetu akaoneshwa harusi moja ya Kizanzibari yenye kanga mpya na udi, kisha akarudi kwao kusema Waswahili kila siku hula biriani, tutamwambiaje? Tutamwambia: ndugu yangu, ungekuja Jumanne.

Mimi leo nimekuja kuwaeleza Jumanne ya Wajapani.

Nianze na jina. *Cha* ni chai, na hilo si bahati nasibu. Neno letu na neno lao ni watoto wa mama mmoja wa Kichina. Lao lilivuka bahari likaenda mashariki, letu likapita Uajemi na Bara Hindi ndipo likatufikia. *Ban* ndiyo yenye ubishi. Wapo wanaosema ni zamu, au namba. Mchai wa Japani hulala wakati wa baridi. Si kama wa Mufindi au Kericho, ambako watu wanachuma mwaka mzima. Kule majani yanakuja kwa awamu: chai ya kwanza, *ichibancha*, mwezi wa nne kuingia wa tano, ya pili mwezi wa sita, ya tatu kiangazi kikiwa kimeshika, na vuli wanakata tena. Ile ya kwanza ndiyo ya bei, ndiyo ya zawadi. Zinazofuata, majani yamekomaa, yamekuwa makubwa, vijiti vimo, na hayo ndiyo ya bancha. Wengine wanasema *ban* iliandikwa zamani kwa herufi yenye maana ya "kuchelewa": chai iliyochumwa kwa kuchelewa. Sioni haja ya kuwaamua. Zote mbili zinasema kitu kilekile: hii ni chai ya waliokaa nyuma ya foleni.

Na msije mkadhani bancha ni kitu kimoja. Mkienda Shizuoka mkaomba bancha, mtaletewa chai ya kijani ya majani makubwa, chungu kidogo. Mkiomba Hokkaido, mtaletewa iliyokaangwa, rangi ya hudhurungi, ile ambayo kwingine huitwa *hojicha*. Mkiomba Kyoto, mtaletewa moshi huu. Ni kama mandazi na mahamri. Ukiagiza Mombasa na ukaagiza Morogoro, jiandae kwa lolote.

Hii ya Kyoto ilivyotengenezwa nitaieleza polepole, maana ndiyo mliyoshika. Kusini mwa Kyoto kuna mji unaitwa Uji. (Kicheko.) Ndiyo, Uji, na wala si wa mtama, tutafika kwenye uji wenyewe baadaye. Uji na vijiji vya jirani, Wazuka na Ujitawara, ndiko inakotoka chai ya kifahari. Mashamba ya chai ghali yanafunikwa vivuli kwa wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, ili majani yabaki laini na matamu. Majani yale machanga yakishaondoka, mti unabaki na nini? Unabaki na majani ya chini, magumu kama ngozi, na matawi. Haya hukatwa baadaye, vuli au mwezi wa tatu kabla ya machipukizi mapya, kama mtu anavyopogoa ua wake. Kwingine yangetupwa. Wao wanayapika kwa mvuke, wanayakausha bila kuyasokota, jani linabaki wazi kama lilivyoanguka, halafu wanayakaanga kwenye chuma chenye moto mkali mpaka yatoe moshi. Mkilitazama hilo bakuli nililoweka mezani mtasema nimeokota takataka chini ya mwembe. Mama mwenye nyumba alikuwa akichota kwa kiganja, hana kijiko wala mizani, anatupa kwenye birika la maji yanayochemka, anafunika, anaendelea na kufua.

Hapo ndipo nilipoanza kuipenda. Chai ya kijani nzuri inadeka. Maji yasizidi nyuzi sabini, themanini. Dakika moja, usipitilize. La sivyo inakuadhibu kwa uchungu. Bancha haina hizo. Maji yachemke yatokote, iache, isahau, irudie, iweke kwenye friji unywe kesho ikiwa baridi. Haikasiriki.

Na wanaipa watoto wachanga na wagonjwa. Hili lilinishtua, maana kwetu mtoto akipewa chai ya rangi bibi atauliza nani kampa. Sababu yake inajulikana. Kafeini ya mchai imejaa kwenye kichipukizi na majani machanga. Jani likizeeka inapungua. Majedwali rasmi ya vyakula ya Japani yanaandika hivi kwa kila mililita 100: *gyokuro*, ile ya kivulini, miligramu 160, kahawa 60, *sencha*, chai ya kijani ya kawaida, 20, bancha 10. Kwa hiyo mzee anakunywa vikombe vitano usiku na anakwenda kulala.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa, maana mimi si mkulima wa chai na wala si msemaji.

Nilikuwa darasani najifunza majina ya rangi. Mwalimu akaonesha kiatu chake cha ngozi akasema: *chairo*. *Cha* ni chai, *iro* ni rangi. Rangi ya chai. Nikaandika "kijani" kwenye daftari. Mwalimu akapita, akaona, akafuta. Akanyoosha kidole kwenye kiatu tena. Kahawia.

Nikabaki nimeduwaa. Taifa zima linajulikana duniani kwa chai ya kijani, na kwa lugha yao wenyewe rangi ya chai ni kahawia? Nikamwambia mwalimu hii haiwezekani. Akaniuliza kwa Kiswahili mnaiitaje. Nikafungua mdomo, nikasema "kahawia," na hapo nikajisikia. Sisi rangi hiyohiyo tumeipa jina la kahawa! Mwambao ulikuwa unakunywa kahawa chungu barazani, kikombe kidogo, birika la shaba, na rangi ile ikapata jina kutoka kwenye kile kilichokuwa mikononi mwa watu. Wajapani nao vilevile. Kilichokuwa mikononi mwao kilikuwa chai, na chai hiyo ilikuwa ya kahawia.

Wachambuzi wa maneno wanasema jina lilipitia kwenye nguo: vitambaa vilitiwa rangi kwa maji ya majani ya chai yaliyochemshwa. Sawa. Lakini chemsha kwanza majani ya kijani kibichi ya matcha uone kama utapata kiatu cha mwalimu wangu. Yule aliyetia kitambaa rangi alikuwa na chungu cha chai ya namna hii mliyoshika. Leo Mjapani akitaka ile kijani inambidi atamke kwa kirefu, "rangi ya matcha." Fupi imebaki kwa bancha.

Na rangi hiyo ikaja kupendwa mno. Enzi ya Edo, miaka ya 1603 hadi 1868, serikali ilipokataza watu wa kawaida kuvaa nguo za rangi kali na za anasa, watu wa mjini wakasema haya, na wakabuni vivuli vya kahawia na kijivu mpaka ukatokea msemo: "chai arobaini na nane, panya mia moja." Panya ni kijivu. Ukimkataza mtu wa mjini rangi, atakutengenezea arobaini na nane kutoka kwenye ile uliyomwachia. Lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Basi kijani kilitoka wapi? Matcha ni ya zamani, nakubali. Mtawa Eisai alirudi kutoka China mwaka 1191 na mbegu za chai, na mwaka 1211 akaandika kitabu cha kusifu chai kwa afya. Ila unga ule ulikuwa wa nyumba za watawa, mabwana na matajiri. Chai ya majani ya kijani ambayo leo inajaza maduka, sencha, ina tarehe: 1738. Mkulima wa Ujitawara aitwaye Nagatani Soen alikamilisha njia ya kupika vichipukizi kwa mvuke kisha kuvisokota kwa mikono juu ya meza yenye moto chini mpaka vikauke, vikabaki na kijani chao. Akaipeleka Edo, Tokyo ya leo, mfanyabiashara Yamamoto Kahei akaiuza, na watu wakaipapatikia. Huko vijijini watu waliendelea na chungu chao cha kahawia.

Na walikunywa kweli. Kuna amri kwa wakulima inayotajwa kuwa ya 1649, ingawa wanahistoria wanabishana kama kweli ilitolewa mwaka huo. Ndani yake mume anaelekezwa kwamba mke, hata awe mzuri wa sura, ikiwa hamjali mumewe, anakunywa chai nyingi na anapenda matembezi, aachwe. (Kicheko kirefu. Mzee mmoja akasema, "Isomwe tena!" Sikuisoma tena.) Ninyi mnacheka, mimi naona ushahidi. Mkubwa haandiki amri ya kukataza kitu ambacho watu hawana. Yule mwanamke wa shambani hakuwa na matcha. Alikuwa na hii.

Tena kila bonde lilikuwa na namna yake, na nyingine ziko hai mpaka leo. Kule Tokushima, kisiwa cha Shikoku, wana *awabancha*. Wanangoja mpaka mwezi wa saba, jani limekomaa hasa, wanakwangua tawi zima kwa mkono, wanachemsha majani, wanayaponda, wanayashindilia kwenye pipa na kuweka mawe juu. Wiki mbili, tatu, hata nne. Yanachacha, kama achari. Kisha yanaanikwa juani. Nilipoinywa nilihisi kuna mtu kakamulia ndimu kwa mbali. Mwaka 2021 serikali yao iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi muhimu wa utamaduni usioshikika. Jirani zao wa Otoyo, mkoa wa Kochi, wanachachusha mara mbili, kwanza kwa ukungu, baadaye kwenye pipa, halafu wanakata kwa vipande vya mraba na kuvianika kwenye mikeka. Ukiwa mbali unaona kete nyeusi za mchezo wa *go*, na ndilo jina lake, *goishicha*. Hiyo zamani ilikuwa ikiuzwa kwa watu wa visiwa vya Bahari ya Ndani ya Seto, wapikie uji.

Niliahidi uji. Nara na Wakayama asubuhi wanakula *chagayu*: wali mwepesi uliopikwa ndani ya bancha, mpaka maji yawe ya kahawia. Hauna maziwa wala sukari. Pembeni unakuwa na kachumbari ya chumvi. Kwa hiyo kuna mji wa Uji wa chai na kuna uji wa chai, na mtafsiri Mswahili akipata kazi huko adai malipo ya nyongeza.

Nirudi kwenye historia, kidogo tu, maana hapa patawagusa. Mwaka 1859 bandari ya Yokohama ilifunguliwa kwa wageni. Wageni walitaka vitu viwili kuliko vyote, hariri na chai. Samurai wa ukoo wa Tokugawa, uliotawala enzi ile ya Edo, waliopoteza kazi utawala ulipobadilika walipelekwa tambarare ya Makinohara, Shizuoka, kuanzia 1869, wakashika majembe. Wakajiunga nao wavushaji wa mto Oi. Hawa walikuwa wakibeba abiria mabegani kuvuka maji, kwa sababu daraja lilikuwa limekatazwa. Katazo lilipoondolewa na vyombo kuruhusiwa, hawakuwa na mtu wa kumbeba. Wakapanda chai. Meli zikaipeleka Marekani, ambako, nawaambia mkae vizuri kwenye viti, chai ile ya kijani ilinywewa kwa maziwa na sukari.

Ya kijani ikapanda meli. Aliyeilima alikunywa nini jioni? Mnajua jibu. Hapa kwetu nani hajasikia mtu akisema chai nzuri imekwenda mnadani Mombasa, sisi tumebaki na vumbi? Kule wanakijiji walibaki na bancha. Ni mpaka soko la Marekani lilipowakimbia, chai nyeusi ya India na Ceylon ilipochukua nafasi, ndipo sencha iliporudi nyumbani kutafuta wanywaji, na polepole ikawa chai ya kila nyumba. Kwa hiyo yule bibi wangu wa Kyoto, wazazi wake walizaliwa katika nchi ambayo kijani kilikuwa cha wageni na cha wenye fedha. Hii kijani ya kila siku mnayoiona kwenye picha ni mtoto wa juzi. Ndiyo maana huwa nakereka nikisoma kwenye pakiti kwamba bancha ni "daraja la chini la sencha." Mtoto hawezi kuwa daraja la juu la bibi yake.

Wenyewe nao, nikiri, wanaidharau kwa mapenzi. Wana methali: *oni mo juhachi, bancha mo debana*. Hata zimwi lina umri wa miaka 18, hata bancha ina mmimino wake wa kwanza. Yaani hata asiye na sura ana msimu wake wa kung'ara. Niliipenda, nikaitumia kumsifu binti wa mwalimu wangu siku anatimiza 18. Msifanye hivyo. Kumbe mtu hujisemea mwenyewe au hulisemea la kwake. Ukiisema juu ya mtoto wa mwenzio umemwita zimwi. Wiki mbili mwalimu alinisahihishia kazi kwa kalamu nyekundu nzito kuliko kawaida.

Wana na msemo mwingine, *nichijo sahanji*, "jambo la chai na wali wa kila siku," kwa kitu ambacho hakishangazi mtu. Foleni ya Ubungo ni *nichijo sahanji*.

Siku hizi nyumba nyingi za vijana hazina hata birika. Kampuni ya Ito En iliweka chai ya kijani kwenye kopo mwaka 1985, na mwaka 1990 ikaiweka kwenye chupa ya plastiki, na watu wakahama jikoni wakahamia dukani. Chupa zile zinahitaji majani mengi ya bei nafuu, na mengi ni haya ya awamu za nyuma. Kagoshima, kusini, kwenye mashamba ya tambarare ambako mashine inapita kama trekta, wamekua mpaka mwaka 2024 waliipita Shizuoka kwa uzalishaji wa majani ya chai, jambo ambalo halijawahi kutokea. Halafu dunia ikapata wazimu wa matcha. Wakulima wakageuza mashamba kulima ya matcha, majani ya chupa yakaadimika, na vuli ya 2025 bancha ya Kagoshima ikauzwa mara kadhaa ya bei ya mwaka uliotangulia. Bancha! Chai ya mkiani. Sijui bibi yangu angesemaje. Alinunua yake kwa mfuko mkubwa wa karatasi, kama tunavyonunua mkaa, na alinung'unika bei hata zamani ilipokuwa si kitu.

Basi, mnaweza kunywa sasa. Mama wa mbele, jaribu tena, ikipoa moshi unatulia.

(Hapo mzee aliyetaka amri isomwe tena akanyoosha mkono. Akauliza kama kuna sukari.)

Mzee wangu, swali hilo nililiuliza pia, siku ileile ya kwanza. Mama mwenye nyumba hakusema neno. Aliinuka, akaenda jikoni, akakaa huko kwa muda mrefu kuliko inavyochukua kutafuta sukari, akarudi na bakuli dogo lenye sukari ya kupikia, akaliweka mbele yangu kwa mikono miwili, akainama, na akatazama bustani mpaka nilipomaliza kukoroga.

Sukari ile pale, nyuma ya chupa nyekundu. Na tangawizi ipo. Bustani mimi sina, nitatazama dirishani.